Memwari Yenye Ilijaa Matanga

Rafiki yangu mwenye aliandika programu ya radio yetu alikufa, lakini saa sita ya muchana alikuwa anasema na muji wote wa Kasongo. Sikuota, na sikukuwa nimekunywa. Ningekunywa ningewaambia, mimi si mutu wa kuficha chupa.

Sauti yake ilikuwa inasema hivi: "Wasikilizaji, musiende mbali. Niko narudia sasa hivi."

Kisha kimya. Programu imekwisha kuanguka, matangazo yamekatika, na mimi nakimbia kuiwasha upya, niko najichekelea mwenyewe kabla wengine hawajaanza.

Mimi ni fundi wa radio. Hilo neno fundi direkteri alinipa siku moja hakuwa na mutu mwingine wa kupa. Masomo niliachia mwaka wa ine wa sekondari. Jamaa wanasema ni masomo iliniacha mimi, na hawadanganyi sana. Rafiki yangu yeye alimaliza. Alisoma informatika Bukavu, akarudia kwetu na ordinateri, kompyuta moja nzito sawa jiwe la kusagia, akaandika programu kwa ile luga ya mashini yenye wanaita Java. Programu ndiyo ilikuwa inapiga nyimbo, inasoma saa, inatoa matangazo ya biashara, na zaidi ya yote inapitisha komunike, matangazo ya vifo. Kwetu radio inaweza kukosa muziki juma nzima, hakuna mutu atauliza. Ikose komunike za vifo siku moja tu, watu watakuja na fimbo.

Ile sauti ya "niko narudia" aliiweka kwa siku yenye programu itaanguka. Aliirekodi mbele yangu, ndizi mudomoni, na tulicheka mupaka direkteri akatufukuza inje. Alikuwa amefanya kidude kidogo pembeni: programu ikianguka, kidude kinacheza ile sauti, watu wasizime radio zao. Wakati yeye alikuwa muzima, programu haikuanguka hata mara moja. Ile sauti hatukuisikia hewani.

Kisha akaenda Salamabila kutengeneza telefone za wachimbaji wa zahabu. Homa ikamukamata kule. Walimupakia kwa pikipiki, siye tunaita moto, wakafika naye Kabambare, na hapo akaishia. Ilikuwa masika, barabara ilikuwa matope tupu, hakuna moto ingepita na maiti paka Kasongo. Wakamuzika kulekule Kabambare. Mama yake alisikia kifo cha mutoto wake kwa radio, sawa watu wote. Mimi ndiye nilisoma ile komunike. Nilisoma vizuri, bila kukwama, na paka leo sijui nilifanya namna gani.

Miezi ikapita, sauti ikaanza.

Mwanzoni ilikuja mara moja moja. Kisha kila juma. Kisha kila siku, na saa ileile: saa sita, wakati komunike zinapita na jua limesimama juu ya bati. Kabla ya sauti, ventilateri, ile feni ya ordinateri, inaanza kupuliza yenyewe. Hakuna mutu anagusa kitu. Unasikia fuuuuu, sawa mutu mwenye amepanda kilima na muzigo, na mashini inapata moto. Ndipo yeye anasema. Sekretere wetu akaanza kutoka kula saa tano na nusu.

Direkteri akaleta mutu wa maombi. Yule baba aliweka mukono juu ya ordinateri, akafunga macho, akapandisha sauti. Ventilateri nayo ikapandisha. Akasema "Toka!" na mashini ikamuchoma kiganja. Akarusha mukono.

"Iko na moto!"

"Ndiyo, muzee," nikamuambia, "ni prosesere."

"Huyo Prosesere ni jini wa wapi?"

Sikucheka. Nilikaza meno paka machozi yakatoka, na yeye akafikiri nimeguswa na maombi.

Direkteri hakucheka pia. "Weye fundi," akasema, "nakupa paka mwisho wa mwezi. Ukishindwa, natupa hii programu ya marehemu, natafuta mutu wa Kindu atuwekee ingine."

Ile jioni nilipita kwa mama wa rafiki yangu, sawa kawaida. Nilikuwa nakula kwake mara mingi kuliko kwangu. Alikuwa angali katika matanga: nguo nyeusi, hasuki nywele, hakai kwa kiti, anakaa tu kwa mukeka chini. Ndugu zake walikuwa wamemuomba waondoe matanga, wapike, wafue nguo, watu wapumue. Anakataa. "Mimi sikumuona," anasema. "Wanionyeshe kwanza mwenye nalilia." Pembeni ya mukeka, radio yake ya betri.

Nilimuambia maneno ya direkteri. Nilifikiri atasikia huruma juu yangu. Akanitazama.

"Usimuguse."

"Mama, ni mashini tu. Iko na ugonjwa."

"Ugonjwa gani? Mutoto ananiambia kila siku nisiende mbali, anarudia. Weye unataka kumuziba kinywa?"

"Ile sauti haitapotea, mama. Iko kwa mashini. Nitakubonyezea wakati wowote unataka, hata asubui."

Akatikisa kichwa pole pole. "Ukibonyeza weye, ni weye unanicheza. Yeye anakujaka mwenyewe."

Nikala sombe yake ya majani ya muhogo, nahesabu. Nikitengeneza mashini, namuzika mutoto wake mara ya pili, na safari hii mimi ndiye nashika jembe. Nikiacha, direkteri anatupa kazi yote ya rafiki yangu kwa jalala. Basi nikajiambia, acha nipime kwanza. Kupima si kugusa. Mutu wa mwaka wa ine anaweza kujidanganya vizuri sana.

Rafiki yangu alikuwa amenifundisha kupima. Alikuwa ananiambia: memwari ni meza ya mupishi, si depo. Ni pale programu inaweka vitu yenye inatumia sasa. Prosesere ni mupishi mwenyewe. Ukitaka kujua jikoni kuna shida gani, usimuulize mupishi. Tazama meza, kisha tazama jasho lake.

Java inakuja na kidude chake cha kupimia. Unakifungua, kinachora mistari mbili kwa ekrani, kile kioo cha ordinateri: mumoja wa memwari, mumoja wa prosesere. Nilikifungua asubui mapema, nikakaa na karanga zangu. Mustari wa memwari ulikuwa unapanda, unaanguka, unapanda, unaanguka, sawa meno ya musumeno. Hiyo si vibaya. Ndani ya Java kuna mufagiaji. Programu inatupa takataka, yeye anapita, anafagia, meza inapata nafasi. Lakini nikaona kitu: kila akifagia, mustari hauanguki paka pale ulianguka mara ya kwanza. Unabaki juu kidogo. Tena juu kidogo. Wakati huu wote prosesere ilikuwa imelala, mustari wake chini sawa nyoka mwenye ameshiba.

Saa sita ikakaribia. Komunike zikaanza. Memwari ikagusa dari, na prosesere ikaruka. Ikapanda moja kwa moja, ikabaki juu. Fuuuuu, ventilateri. Nilielewa pale pale: mupishi hapiki tena. Ni mufagiaji. Anafagia, hapati kitu cha kutupa, anarudia, anafagia tena, mbio, mbio, sawa mutu mwenye amepoteza ufunguo ndani ya nyumba moja na anageuza mukeka uleule.

"Musiende mbali," rafiki yangu akasema. "Niko narudia sasa hivi."

Karanga zilimwagika. Sikuziokota.

Kwanza nilifanya sawa fundi wote wenye uoga. Nikaongezea programu memwari yote yenye mashini ilikuwa nayo. Siku mbili ikanyamaza, nikatembea barabarani kifua mbele. Kisha ikajaa tena, na sauti ikarudia. Pale mama alinitumia ujumbe kwa mutoto wa jirani: eti jana na juzi ulimufanya nini mutoto wangu?

Basi nikauliza mashini swali lenye nilikuwa naogopa: nini imejaa kwa meza? Kuna namna ya kuuliza, inakujibu vitu yote yenye iko inashika. Jibu ilikuwa sauti. Sauti juu ya sauti. Nikaokota moja yenye ilikuwa ndani kabisa, nikaisikiliza kwa kasque, ile ya kuvaa masikioni.

Ilikuwa sauti yangu. Ilikuwa inasema kwamba rafiki yangu amekufa.

Nilivua kasque sawa inaniuma. Nikatoka inje, nikasimama juani paka sekretere akauliza kama nimekamatwa na malaria. Nikarudia, nikasikiliza ingine. Baba mumoja wa Nyangwe, alikufa kabla ya rafiki yangu. Ingine: mutoto muchanga. Ingine: bibi wa kijiji chenye siku hizi hakiko tena, watu walikimbia wote. Vifo vya zamani, vyenye muji umesahau, viko pale mezani vyote, mbichi, vinangoja.

Nikafungua maandiko ya programu kutafuta nani anavishika. Mufagiaji wa Java iko na sheria moja: hagusi kitu chenye mutu bado anakishika, hata kwa kidole kimoja. Nikakipata kile kidole. Rafiki yangu aliandika hivi: komunike ya kifo inaingia memwari, inapita hewani siku zake, kisha inabaki kungoja. Haiachiliwi paka familia ije radio itangaze kwamba imeondoa matanga. Siku ile programu inacheza tangazo la zamani, kisha shukrani ya familia, kisha inaachilia. Na ukizima mashini ukawasha, inakwenda kuwachukua upya wote wenye matanga yao haijaondolewa, inawarudisha mezani pole pole, na saa sita, komunike za leo zikiongezeka, meza inajaa.

Mutu wa fasi ingine angeweka tarehe. Mwezi moja, basi, futa. Yeye hakuweka. Nilikumbuka hata nilimuuliza siku ile, akanicheka. "Kaka, matanga iko na tarehe? Ni familia inajua." Na ni kweli. Kwetu ni vile. Familia ndiyo inaondoa, si kalenda. Lakini yeye alikuwa anafikiri familia zote zitarudia. Hakufikiri juu ya wenye walikimbia, wenye walifuata zahabu Salamabila na hawakurudia, wenye hawana mbuzi wa kuchinja. Na hakufikiri juu ya mama yake.

Nilijua basi namna ya kuponyesha. Ni kufuta mustari mumoja wa maandiko. Kidole changu kilikuwa juu ya kibonyezo. Nikazima ekrani, nikaenda nyumbani.

Juma lenye lilifuata, mama mumoja alifika radio kutoka Nyangwe. Alikuja na miguu, vumbi paka magotini. Aliuliza nani anashugulika na komunike. Wote wakanionyesha mimi, kwa furaha kubwa.

"Mwanangu alilazwa hapa hospitali," akasema. "Alikufa. Shemeji yangu alileta komunike kwenu, ili niitwe nije kuzika."

"Ndiyo, mama. Tuliipitisha."

"Mulipitisha. Nilisikia jina la kijiji yetu, nikapandisha sauti. Wakasema, familia inaombwa... kisha ikakatika. Kisha kijana akasema, musiende mbali, niko narudia sasa hivi." Alikuwa haniulizi kitu, alikuwa anaeleza tu. "Basi sikuenda mbali. Nilikaa hapo kwa radio. Nilifikiri, akirudia atamaliza jina. Nikangoja paka jua likashuka. Wamemuzika bila mimi."

Nilimupa kiti. Kisha, sababu sikujua pa kumupeleka, nilimupeleka kwa mama wa rafiki yangu.

Alikaa naye kwa mukeka. Akaeleza upya, maneno yaleyale. Mama wa rafiki yangu alikuwa anachambua majani ya sombe. Mwenzake alipofika pa kijana mwenye alisema musiende mbali, mikono ya huyu ikasimama juu ya majani.

"Alisema anarudia," mama wa Nyangwe akasema.

"Ndiyo," mwenzake akajibu. "Na mimi aliniambia."

Wakakaa. Kuku akaingia kwa majani, hakuna mutu alimufukuza.

Asubui yake mama alikuja radio na nguo yake nyeusi. Direkteri akamupa kiti, akakikataa, akabaki amesimama nyuma yangu. "Nionyeshe pahali mutoto iko."

Nikamuonyesha mistari. Nikamueleza meza, na mupishi, na mufagiaji mwenye hagusi kitu chenye kushikwa. Nilieleza vibaya, nikichanganya na mikono, lakini alikuwa anafuata kwa macho ule mustari unapanda na unaanguka.

"Na hapa anapita?"

"Anapita, mama."

"Na anamuacha."

"Anamuacha. Programu bado inamushika."

"Programu inangoja nini?"

Nikatazama kibonyezo. Yeye akanigonga bega kidogo, sawa unagonga mulango wa mutu unayemujua. "Sema, we mutoto. Kinywa chako hakijawahi kukosa kazi."

"Inangoja familia, mama. Ije iseme imeondoa matanga."

Ventilateri ilikuwa inaanza. "Utanipeleka Kabambare," akasema. "Nimuone kwanza."

Tulikwenda na moto ya shemeji yangu. Barabara ya Kabambare haihitaji kuelezwa. Mugongo wangu ungali unaieleza. Tulianguka kwa matope, mama akasimama mbele yangu, akaniuliza kama na moto pia niliachia mwaka wa ine. Ilikuwa mara ya kwanza anacheka tangu kifo. Kule, ndugu wenye walimuzika walituonyesha. Kilima kidogo cha udongo, majani yamekwisha kuota. Mama aliyang'oa yote, moja moja, hakutaka musaada. Aliweka mukono pale na akasema naye kwa Kibangubangu, luga ya baba wa rafiki yangu. Sikusikiliza. Nilikwenda kuosha moto yenye haikuwa na haja ya kuoshwa.

Tukarudia. Ndugu wakapika, nguo nyeusi ikafuliwa, nywele zikasukwa. Siku ya tangazo alifika na kitenge cha manjano, akakaa kwa kiti, akasema ndani ya mikro: familia imeondoa matanga, inashukuru wote wenye walilia pamoja. Programu ikacheza kwanza sauti yangu ya zamani, ile yenye haikukwama. Kisha yake. Mimi na yeye tukageukia ekrani.

Mustari haukushuka. Kusema kweli ulishuka, lakini kidogo sana kiasi cha kutafuta na miwani. Komunike moja ni kitu kidogo.

"Ndiye huyu tu?" mama akauliza.

"Ndiye huyu tu, mama. Wenzake wangali."

Akavuta mikro tena, direkteri akataka kusema kitu, akaacha. "Nyinyi wengine," mama akasema kwa muji wote, "wenye munashika watu wenu, kujeni. Hapa wamechoka kungoja. Mbuzi si lazima. Kujeni na midomo."

Walikuja. Si siku ile. Walikuja pole pole, wengine na moto kutoka mbali, wengine kwa miguu, wanakaa kwa kivuli cha ukuta, wanangoja zamu. Kila mumoja alitaka aonyeshwe mustari, sababu mama alikuwa amewaeleza. Mama wa Nyangwe alikuja kati ya wa mwisho, na alisema ndani ya mikro jina la mwanawe zima, paka mwisho. Memwari ikashuka, siku kwa siku, na mufagiaji akapata kazi ya kweli. Wenye familia zao hazikuonekana nimewaacha. Ningeweza kuwafuta, sikuwafuta. Wanabaki mezani, na meza sasa inawatosha. Direkteri hajui, na hakuna mutu wa kumueleza isipokuwa mimi.

Mashini haijaanguka tena. Ventilateri inapumua sawa mutoto mwenye analala.

Siku zingine saa sita napita kwa mama. Radio iko wazi kwa kiti, yeye iko jikoni. Komunike zinapita, zinafika mwisho, bei ya muhogo inafuata. Pale katikati anasimama kidogo na mwiko mukononi, kisha anaendelea kukoroga. Haniulizi kitu. Mimi nami sisemi kitu, na wanaonijua wanajua hiyo ni bei gani kwangu.

Na siku zenye niko radio, saa ile inanikuta na kidole juu ya lile faili la sauti yake. Ingekuwa kubonyeza tu. Nafungua mistari badala yake. Memwari inapanda, inapanda, kisha prosesere inaruka mara moja, bila mutu kugusa, na nywele za shingo zinasimama. Ni mufagiaji anapita. Nangoja paka mustari ushuke, kisha natoka kwenda kula.